Kofia Yangu Iko Ngombezi

Mkinikuta njiani hapa Sindeni na kichwa wazi, msinihurumie wala msiniletee kofia. Nimeshaletewa. Mmoja wenu mwezi uliopita alivua ya kwake, akanipa kwa mikono miwili, nikamrudishia, akaondoka amenuna akidhani mzee Mhina anaringa. Wengine nasikia mnasema nimeacha swala. Sijaacha. Kofia ninayo, nzuri, ya kushonwa kwa mkono, kazi ya mama yangu mdogo. Ila iko Ngombezi kwa mtu, na ipo kazi ambayo lazima niimalize kabla haijarudi.

Nimeanzia hapo kwa sababu mlikuja kuniuliza habari za malengo. Mlikuja sita, kikundi chenu kile cha kukamua alizeti, na daftari jipya ambalo bado lilinukia duka. Mmeandika vizuri: baada ya miaka mitano tuwe hapa, baada ya kumi tuwe pale. Mkataka nisome niseme kama lengo ni zuri. Ni zuri. Sijawahi kuona lengo baya kwenye karatasi. Nikawauliza swali moja tu, nani atawavua kofia, mkatazamana, mkacheka kwa adabu kama mtu anavyomchekea mzee aliyeanza kuchoka akili. Basi nimekaa niwaandikie, maana nikisimulia kwa mdomo nitalia, na sijazoea kulia mbele ya watu wa umri wenu.

Kazi yangu ilikuwa mashine ya kusaga. Si kazi ya kujivunia sana, mtu mzima kushinda mweupe kama aliyechovywa kwenye unga, lakini nilifundishwa na mtu aliyeiheshimu. Fundi Salehe, mwenye karakana pale Manundu, Korogwe, alinipokea nikiwa sijui nati ipi ya kufungua na ipi ya kukaza. Wiki ya kwanza niliacha msumari ukapita na mahindi. Chekeche ikachanika, na nyundo mbili za kinu zikapinda. Fundi Salehe hakunigombeza. Alinipa ile chekeche mbovu, akaniambia nikae nayo kivulini na nisifanye kazi nyingine mpaka niweze kumwambia msumari uliingilia wapi na ukatokea wapi. Nilikaa siku mbili. Nilipomwambia akasema, "Sasa unaijua. Mashine haikudanganyi, wewe ndiye utakayeidanganya."

Alinifundisha kusikiliza mkanda, kwamba ukianza kupiga mluzi umelegea na ukinguruma umekazwa mno. Alinifundisha kuweka kiganja chini ya mdomo wa kinu unga unapotoka. Ukiwa na joto la kawaida na unatiririka kati ya vidole, endelea. Ukiwa moto na unashika mkono, zima, mahindi yana maji. Siku hizi naona vipimo vya kuchomeka kwenye gunia, vinaandika namba. Vizuri, nunueni. Lakini hata namba mtu anaweza kuisoma kisha akaamua hakuiona, na nitawaambia nimejuaje.

Nilianza hapa Sindeni na injini moja ya dizeli ya kuwashwa kwa hendeli. Asubuhi moja mkanda ulikatika na foleni ni ndefu, kina mama wamekaa juu ya madebe yao, wengine wametoka Kwaluguru kwa miguu. Mimi, ili wasiondoke, nikawa nashona mkanda huku nawapigia hadithi. Nikasema haya mambo ni ya muda. Nikasema baada ya miaka kumi na miwili mahindi ya Sindeni na Kwaluguru hayatapakiwa tena kwenye malori yakiwa punje, yatatoka hapa yakiwa unga, kwenye mifuko yenye jina la Sindeni, na mama wa Korogwe akienda dukani ataulizia unga wa Sindeni kwa jina. Niliyasema kupoza foleni tu. Lakini nilipoyasikia yakitoka kinywani mwangu, niliyapenda.

Mwanamke mmoja akainuka. Alikuwa mwembamba, mrefu, kitenge amekifunga kiunoni kikazi. Simjui.

"Umesema miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Wewe Mzigua?"

"Mzigua. Kwani wewe nani?"

"Mnyamwezi. Kabula. Baba yangu alikuja kukata mkonge Ngombezi, nimezaliwa kambini. Nimekodi shamba hapo bondeni." Akawageukia wenzake. "Jamani, kesho ya Mzigua ni mwakani. Sasa huyu kasema miaka kumi na miwili. Hiyo si Kiyama?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu inavyotakiwa, kwamba Mnyamwezi hata akiwa hana mzigo hutafuta wa kubeba, ndiyo maana anabeba na mambo yasiyomhusu. Naye akacheka. Tukawa tumejuana.

Nyinyi mmekulia zama za utani wa kwenye simu, wa kutumiana picha, kwa hiyo nieleze kidogo. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani ana haki ambayo mkeo hana, wala kaka yako hana. Anaweza kukwambia neno lolote mbele ya yeyote. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka naye. Ukifiwa anakuja kukutania msibani mpaka ucheke na machozi yako. Na wewe una wajibu mmoja tu: usikasirike. Ukimkasirikia mtani wako umevunja kitu ambacho hukukitengeneza wewe na huwezi kukiunga peke yako.

Kabula siku ile hakuishia kunicheka. Alinibana nikate ile miaka kumi na miwili vipande vipande. Mwaka huu nitafanya nini? Nikasema nitapata kinu kikubwa zaidi. Na nisipofanya? Nikasema atakuwa shahidi. Akasema ushahidi wa mdomo haumuumizi mtu. "Usipofanya nakuvua hiyo kofia, na huvai nyingine mpaka ufanye." Nikakubali kwa kicheko. Nilidhani ni maneno ya foleni.

Mwaka uliofuata, siku kina mama walipoleta mahindi makavu ya kwanza ya msimu, Kabula alikuja, akaketi juu ya gunia la pumba mlangoni, akanishitaki. Alianza kwa kusema, "Mzigua, simama tukusikie." Kinu kipya kilikuwepo, nikashinda. Akanipa kazi ya mwaka unaofuata kwa kunihoji mpaka nikaitaja mwenyewe. Hakuwahi kunipangia lengo hata mara moja. Alinifanya niseme kwa sauti, mbele ya watu watakaonikumbusha wakija kusaga.

Mwaka wa tatu nilishindwa. Nilikuwa nimesema nitaanza kufungasha kwenye mifuko, nikaahirisha. Kabula aliinuka, akanyoosha mkono, kofia ikaondoka, akaisunda kwenye kitenge chake akaenda zake shambani. Mkidhani ni jambo dogo, jaribuni. Nilikwenda Handeni mjini kichwa wazi, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mhina, mtani kakupata?" Nilikuwa na nikaha ya mpwa wangu, mimi ndiye msimamizi. Sheikh akaniangalia kichwani, akaangalia chini, akasema tuendelee. Bibi harusi mwenyewe alikuwa anajua. Jumatatu yake nilikwenda Korogwe kutafuta mifuko.

Nilipofunga mfuko wa kwanza Kabula alikuja na kofia, akanirushia. Alikuwa harudishi mkononi. Aliitupa kwenye vumbi pale mlangoni mwa mashine, akasema, "Haya, okota, Mzigua." Nilikuwa naokota, napangusa, navaa, na watu wanashangilia. Kwa miaka ile yote nilivuliwa mara tatu, na mara zote tatu nilipanda ngazi moja baada ya kuokota.

Baada ya ile mara ya kwanza nilimwomba afanye kazi kwangu, kuchambua na kupokea mahindi. Alikuwa na jino moja la pembeni alilolipa kazi hiyo. Anachota punje katikati ya gunia, si juu, juu hukauka na kudanganya, anaiweka kwenye jino, anabana. Punje kavu inapasuka kwa mlio. Yenye maji inakubali jino kama mtu anayekubali lawama. Akisikia hivyo anasukuma gunia pembeni hata kama ni la shemeji yangu. Watu walimlaani wakamzoea. Unga wetu ulikuwa unakaa dukani bila kuganda, na jina lilijengwa na lile jino kuliko injini yangu.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Mwaka wa nane nilikuwa nimesema mbele ya wote kwamba nitajenga banda la kukaushia. Sakafu ya saruji, nguzo, paa la bati, pande wazi upepo upite, watu wa Sindeni na Kwaluguru waanike humo mvua ikija bila taarifa. Tulikuwa tunaanika kwenye maturubai, na wote mnajua mvua yetu isivyo na ratiba. Kazi ilikuwa hiyo moja tu. Sikuifanya. Nilikuwa nimefungua mashine ya pili Korogwe, nina ofisi, nina kiti kinachozunguka. Banda niliona ni jambo la kijijini. Nilinunua kibao kikubwa chenye jina letu, kikapachikwa barabarani, na kila nilipopita nilikuwa napunguza mwendo nikitazame.

Siku ya mahindi makavu ilipofika nilikuja Sindeni na wageni wawili, wenye maduka kutoka Korogwe, watu wa mashati yaliyopigwa pasi. Nilitaka waone mahali unga unapotoka. Nikamkuta Kabula juu ya gunia lake la pumba, na kina mama wamekaa wanangoja.

"Mzigua, simama tukusikie."

Nikamwambia leo nina wageni.

"Wageni nao wasikie. Banda liko wapi?"

"Tutaongea, Kabula."

"Liko wapi, tukaanike?"

Kina mama wakacheka. Mgeni mmoja naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichonichoma. Kabula akainuka akanyoosha mkono kama miaka yote. Nikamshika kifundo cha mkono. Nilimshika kwa nguvu, wanangu, sitaficha. Nikamwambia, "Jua mipaka yako. Mimi si mtu wa kuvuliwa kofia mbele ya watu. Hapa wewe ni mfanyakazi."

Injini ilikuwa inaendelea kuunguruma. Nilipomwachia aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, akasema, "Samahani, bosi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Tangu siku hiyo hakuniita vinginevyo. Asubuhi nilizozoea kusalimiwa kwa matusi ya kirafiki, nikawa nasalimiwa kwa habari za asubuhi, bosi. Nikitania ananijibu kwa tabasamu la heshima. Nilijidanganya kwamba sasa kuna nidhamu kazini. Siku ya mahindi makavu iliyofuata gunia la pumba lilikuwa mlangoni na hakuna aliyelikalia. Nilipita nikaliona. Nikasema moyoni, afadhali, tumekua.

Msimu huohuo mvua ilinyesha wakati wa kuanika. Ilinyesha siku sita mfululizo, inaacha kidogo, watu wanatandika maturubai, inarudi. Na mimi nilikuwa nimemwahidi mmoja wa wale wenye maduka mzigo mkubwa kuliko wote tuliowahi kutoa. Mahindi yakaja kwenye mashine. Kabula alichota punje katikati ya gunia, akaiweka kwenye jino, akabana. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikusikia mlio.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akaitoa ile punje mdomoni, akaishika kati ya vidole. "Kama bosi anavyoona," akasema.

Kabula wa zamani angelisukuma gunia, angenivua kofia na shati, angewaita kina mama wote waje waone Mzigua anayetaka kusaga uji. Huyu alisimama kando akangoja amri yangu. Nikasema tusage. Unga ulipoanza kutoka niliweka kiganja chini ya mdomo wa kinu, mazoea tu, na ulikuwa moto, ukashika mkono wangu mpaka kwenye kucha. Nilijua wakati uleule. Nikajipangusa kwenye suruali nikasema tufunge mifuko.

Haikuchukua muda. Nilikuwa Korogwe dukani nilipomwona mama mmoja akifungua mfuko wetu, akainamisha pua, akaukunja taratibu, akaurudisha kwenye meza. Alivuka barabara akaingia duka jingine. Ndani ya wiki mbili mzigo wote ulikuwa umerudi, umefanya madonge, una harufu ya uvundo na uchungu ukiulamba. Hata kuku hatukuwapa. Tulichimba shimo nyuma ya mashine tukafukia. Namshukuru Mungu hakuna aliyeugua, au kama yupo sikuambiwa. Unga wa Sindeni ukawa unaulizwa kwa jina kweli, watu wakiuliza ili wasiuchukue.

Mashine ya Korogwe ilikwenda kwanza, na ya Sindeni ikafuata. Kibao kilibaki mpaka mtu akakichukua akaezekea banda la mbuzi. Leo kina mama wa hapa wanapanda bodaboda kwenda kusaga mbali, na kila nikiwaona na madebe yao nageuza uso. Wao walikuwa kwenye ile foleni. Niliwaahidi wao.

Siku Kabula alipokuja kuaga nilimfanyia dhuluma ya mwisho. Nilimuuliza, "Mbona hukuniambia yale mahindi ni mabichi?"

Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye kanga mbili. Aliviweka chini kwanza.

"Mtani wako angekwambia," akasema. "Mfanyakazi anamwambia bosi ndiyo. Nami nina watoto, nilitaka kazi." Akainama akakaza fundo la kanga. "Nilikosea na mimi. Nilikasirika. Mtani naye hatakiwi kukasirika."

Akajitwisha mizigo yake akaenda barabarani. Alirudi Ngombezi, kwa umri ule, kuanika nyuzi za mkonge juani kama mama yake.

Vijana, mimi niliyepanga miaka kumi na miwili nilishindwa kupanga siku moja. Kutoka hapa mpaka Ngombezi si safari. Nilikuwa napita njiapanda yake kila nikienda Korogwe, na kila nikipita nasema nikirudi nitashuka. Nilisema baada ya Idd. Nikasema baada ya palizi. Mara moja nilishuka kweli, nina kilo mbili za sukari mkononi na ile kofia kichwani, nimekwenda nivuliwe. Nikamwona kwa mbali kwenye kamba za kuanikia, amenipa mgongo, anatandaza nyuzi, akishika kiuno kila akiinuka. Nikageuka. Ile sukari nilimpa bibi mmoja niliyemkuta anangoja gari, akaniombea dua ndefu nisiyoistahili.

Miaka ikaenda. Mwaka jana simu ikalia, sauti ya mwanamke. "Shikamoo mzee Mhina. Mimi Nyamizi, mwanawe Kabula. Mama amefariki jana. Wazee wanasema watani waje, nami sijui Mzigua mwingine."

Nilivaa ile kofia. Kwenye msiba nilikuta watu wamekaa kimya, wanangoja, maana mtani hajafika na maneno hayajasemwa. Walipokwisha kulishusha jeneza wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimeandaa utani njiani, ukapotea wote. Nikasimama ukingoni mwa kaburi nikasema lililokuja.

"Kabula. Maisha yako yote umebeba. Umebeba mkonge, umebeba madebe, umebeba na mizigo yangu. Leo wanaume wanane wamekubeba wewe, na hata hujashukuru. Mnyamwezi mvivu wewe."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachopasua kifua. Nikaendelea, "Nani sasa atang'ata mahindi?" Hilo halikuwachekesha. Ikabidi nishikwe mkono nisogezwe.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Nyamizi akanijia. Ana urefu wa mama yake. Akapiga goti, akaniamkia, nikaitikia. Kisha akainuka, akanyoosha mkono, akanivua kofia mbele ya waombolezaji wote.

"Mama aliniagiza," akasema. "Alisema mtani wangu akija, mvue, usimwombe."

"Na kama nisingekuja?"

"Alisema lazima utakuja. Kama si kwa miguu yako, basi kwa msiba wake."

Nikamuuliza kama alikuwa ananitaja. Nilitaka aseme hapana. Aliniambia kwamba kila mwaka, zikifika siku za mahindi makavu, mama yake alikuwa anatoa kigoda nje na kuketi akitazama njia. Wakimuuliza anasema, mtani wangu anakuja kujieleza habari ya banda. Siku ikipita anaingiza kigoda ndani. "Alikuwa anasema kesho ya Mzigua ni mwakani, basi mwakani."

Kila nikikikumbuka kile kigoda nakosa pa kuuweka uso wangu.

Kwa hiyo rudini na daftari lenu. Lengo lenu ni zuri. Lakini tafuteni mtu asiyewaogopa wala asiyetaka kitu kwenu, mmwambie kwa sauti mwaka huu mtafanya nini, na mkubaliane atawafanyia nini msipofanya, kitu cha kuaibisha hasa. Faini mtalipa mtasahau. Na atakapokuja kuwashitaki atachagua siku mbaya, mna wageni, mmevaa vizuri. Siku hiyo ndiyo kazi yake. Inamisheni vichwa avue.

Mimi najenga banda. Liko pale ilipokuwa mashine, mnaweza kuja kuliona. Mashine sina na sitapata nyingine, banda ni la yeyote mwenye mahindi ya kuanika. Nguzo zote zimesimama, sakafu imefika nusu, bati nanunua moja moja. Nyamizi alikuja kukagua mwezi uliopita, akazunguka, akagonga sakafu kwa kisigino, akasema bado.

Tumekubaliana kwamba bati la mwisho likipigiliwa ataniletea kofia yangu. Najua atakavyoileta. Ni binti mwenye adabu. Ataikunja vizuri, atapiga goti, atanipa kwa mikono miwili, nami nitapokea na kumwombea heri. Lakini mimi nilitaka nitupiwe pale mlangoni kwenye vumbi, niambiwe haya, okota, Mzigua.